Athari za Mabadiliko ya Masharti ya Leseni za Mikondo ya Data kwa Watengenezaji Huru wa Programu Tumizi za Hali ya Hewa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mabadiliko ya masharti ya leseni za mikondo ya data za hali ya hewa yanavyowaathiri watengenezaji huru wa programu tumizi za simu. Uchambuzi umejikita katika nyaraka zilizo wazi kwa umma, yaani masharti ya matumizi ya watoa huduma, matangazo ya kusitishwa kwa huduma, pamoja na sheria na maazimio ya kimataifa yaliyopitishwa kati ya mwaka 1995 na 2025. Hoja kuu ni kwamba bei ya data, ambayo ndiyo hulalamikiwa zaidi, siyo chanzo kikuu cha madhara. Chanzo kikuu ni uwezo wa mtoa huduma kubadili au kuondoa masharti peke yake, katika mazingira ambamo mtengenezaji hana sauti na gharama ya kuhama ni kubwa. Aidha, makala yanaonesha kuwa kufunguliwa kwa data za umma kunapunguza tatizo hilo bila kuliondoa, kwa kuwa uhuru wa data si sawa na uhuru wa huduma ya kuifikisha.

Maneno ya msingi: leseni, mkondo wa data, hali ya hewa, mtengenezaji huru, data huria

1.0 Utangulizi

Mtu anapofungua programu ya hali ya hewa katika simu yake, huona mambo machache: nyuzi joto, uwezekano wa mvua, kasi na mwelekeo wa upepo. Taarifa hizo hupita mikono mingi kabla ya kumfikia. Hukusanywa na vituo vya uangazi, maputo, meli, ndege, rada na setilaiti. Huingizwa katika modeli zinazoendeshwa na kompyuta kubwa. Kisha matokeo yake hugawanywa kwa wanaoyahitaji. Aliyeandika programu ya simuni, mara nyingi, ni wa mwisho katika mnyororo huo. Hamiliki kituo, hamiliki modeli, na wala hana uwezo wa kujenga kimojawapo. Alicho nacho ni ubunifu wa kupanga taarifa zisomeke vizuri, na ruhusa ya kuzipata. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Mtengenezaji huru, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotengeneza na kuuza programu bila kuajiriwa na kampuni inayomiliki data. Kundi hili ni muhimu kwa sababu limekuwa chemchemi ya programu zinazohudumia mahitaji ambayo kampuni kubwa huyapuuza: programu za wavuvi, za waendesha baiskeli, za watu wasioona, au za lugha zenye soko dogo. Hata hivyo, msemo wa Kiswahili kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini unawahusu moja kwa moja. Katika kipindi cha chini ya miaka kumi, huduma kadhaa walizozitegemea zilifungwa, zilinunuliwa au zilibadilishiwa masharti. Makala haya yanajaribu kujibu swali moja: ni kitu gani hasa katika mabadiliko hayo kinachomdhuru mtengenezaji huru?

2.0 Dhana na Kiunzi cha Uchambuzi

Ni vema kutenganisha dhana mbili ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni data yenyewe, kwa mfano, thamani ya joto iliyotabiriwa kwa saa tisa alasiri katika eneo fulani. Ya pili ni mkondo wa data, yaani huduma inayoifikisha thamani hiyo kwa programu kila inapoombwa. Mkondo hupatikana kupitia kiolesura cha programu, ambacho watengenezaji hukiita API. Mtengenezaji hupewa ufunguo wa siri. Programu hutuma ombi lenye ufunguo huo pamoja na latitudo na longitudo, na seva hurudisha majibu. Data na mkondo vinaweza kuwa na leseni tofauti. Kisima kinaweza kuwa cha kijiji kizima, ilhali mfereji unaoleta maji mlangoni ni wa mtu mmoja.

Katika kuchambua mwitiko wa watengenezaji, makala yanatumia hoja ya Albert Hirschman katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu kudorora kwa kampuni, mashirika na dola. Kwa mujibu wa Hirschman, anayehudumiwa anapoona huduma inazorota huwa na njia kuu mbili: kuondoka au kutoa sauti ya malalamiko. Uaminifu kwa taasisi huathiri uchaguzi wake kati ya njia hizo. Hoja hii inafaa hapa kwa sababu inatulazimisha kuuliza maswali mawili kwa kila sharti la leseni: je, linamwachia mtengenezaji nafasi ya kusikilizwa, na je, linaongeza au linapunguza gharama ya kuondoka?

3.0 Masharti Yanayobadilika

Masharti ya leseni za mikondo ya hali ya hewa yanaweza kugawanywa katika mafungu matano. Fungu la kwanza ni bei na kikomo cha maombi, yaani idadi ya maombi yanayoruhusiwa bila malipo kwa siku au kwa mwezi, na gharama baada ya hapo. Fungu la pili ni aina ya matumizi. Huduma ya Open-Meteo, kwa mfano, hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara na kwa maombi yasiyozidi 10,000 kwa siku; programu yenye matangazo au usajili wa kulipia huhesabiwa kuwa ya kibiashara. Hivyo, mtengenezaji anayeweka tangazo dogo ili alipie seva yake huvuka mpaka wa leseni bila kuongeza hata mtumiaji mmoja.

Fungu la tatu ni uhifadhi wa nakala za muda. Hapa watoa huduma hutofautiana sana. Baadhi ya huduma za kibiashara huzuia au huwekea mipaka uhifadhi wa majibu katika seva ya mtengenezaji, kwa kuwa kila nakala inayotumika upya ni ombi lisilolipiwa. Taasisi ya hali ya hewa ya Norway, kinyume chake, humtaka mtengenezaji ahifadhi nakala na asiombe upya kabla ya muda wa uhai wa data kwisha. Tendo lilelile la kiufundi huwa kosa katika leseni moja na wajibu katika nyingine.

Fungu la nne ni utajaji wa chanzo. Leseni huria aina ya CC BY 4.0 huruhusu karibu kila matumizi mradi chanzo kitajwe. Baadhi ya watoa huduma huongeza sharti la kuonesha nembo yao na kiungo cha vyanzo vyao vya data mahali panapoonekana. Fungu la tano ni muda na ukomo, yaani nani anaweza kubadili mkataba, kwa taarifa ya siku ngapi, na nini hutokea kwa ufunguo uliokwishatolewa. Fungu hili husomwa kwa haraka kuliko yote, ingawa, kama mifano ifuatayo inavyodhihirisha, ndilo lenye madhara makubwa zaidi.

4.0 Mifano Mitatu

4.1 Weather Underground

Weather Underground ilianza mwaka 1995 ikiwa na chimbuko lake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Nguvu yake ilitokana na mtandao wa vituo vya watu binafsi, ambao walinunua vifaa vyao, wakavifunga katika nyua zao na kutuma vipimo bila malipo. Mtandao huo ulifikia zaidi ya vituo 250,000. Mwaka 2012 huduma hii ilinunuliwa na The Weather Channel, na mwaka 2016 ikawa chini ya IBM. Mwaka 2018 utoaji wa funguo mpya za bure ulisitishwa, na kufikia mwisho wa mwaka huo na miezi ya mwanzo ya 2019 huduma ya bure kwa watengenezaji ilikoma. Wenye vituo waliachiwa ufunguo wenye mipaka. Watengenezaji wengine walielekezwa kwenye mikataba ya kibiashara.

Mfano huu una jambo la kuzingatiwa. Sehemu ya data iliyofungwa haikuzalishwa na kampuni, bali ilitolewa na watu waliojitolea. Umiliki wa mfereji ulibadilika mara mbili, na kila aliyeununua alirithi pia maji yaliyokwisha kuchotwa na wengine. Wachangiaji na watengenezaji hawakuwa na nafasi rasmi ya kusema lolote kuhusu masharti mapya.

4.2 Dark Sky

Dark Sky ilianza kama programu ndogo iliyochangiwa na umma, ikazinduliwa mwaka 2012. Sifa yake ilikuwa utabiri wa mvua wa dakika kwa dakika kwa saa moja ijayo. Ilitoa pia mkondo kwa watengenezaji wengine kwa masharti mepesi: maombi 1,000 kwa siku bila malipo, kisha dola 0.0001 kwa kila ombi. Tarehe 31 Machi 2020, Apple ilitangaza kuinunua. Usajili mpya wa mkondo ulisimamishwa mara moja. Programu ya simu za Android ilifungwa Agosti 2020. Kwa waliokwisha sajiliwa, mkondo uliahidiwa kuendelea hadi mwisho wa 2021. Muda huo ukasogezwa hadi mwisho wa 2022, na hatimaye hadi tarehe 31 Machi 2023.

Mwezi Juni 2022, Apple ilitangaza huduma mbadala iitwayo WeatherKit. Huduma hii hutoa maombi 500,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama wa mpango wake wa watengenezaji, ambao ada yake ni dola 99 kwa mwaka. Anayehitaji maombi milioni 1 kwa mwezi hulipa dola 49.99 kila mwezi.

4.3 OpenWeather

Mwezi Juni 2024, OpenWeather ilifunga toleo la 2.5 la kiolesura chake kilichokuwa kikitumika sana, na kuwataka watumiaji wahamie toleo la 3.0. Toleo jipya lina maombi 1,000 ya bure kwa siku, lakini huhitaji usajili wa pekee wenye taarifa za kadi ya malipo. Bei kwa mtumiaji mdogo haikubadilika, kwa kuwa ilibaki sifuri. Kilichobadilika ni sharti la kuingia. Kwa mtengenezaji asiye na kadi inayokubalika kimataifa, sharti hilo linatosha kumfungia mlango.

5.0 Je, Tatizo ni Bei?

Hesabu rahisi inasaidia kupima uzito wa bei. Tuchukue programu ya kudhaniwa yenye watumiaji 2,000, kila mmoja akiifungua mara 10 kwa siku. Hayo ni maombi 20,000 kwa siku, au 600,000 kwa mwezi wa siku 30. Kwa masharti ya Dark Sky, maombi 19,000 ya kila siku yangelipiwa, sawa na dola 1.90 kwa siku au dola 57 kwa mwezi. Kwa masharti ya WeatherKit, mtengenezaji angehitaji fungu la maombi milioni 1 kwa dola 49.99, pamoja na sehemu ya ada ya uanachama ambayo ni takribani dola 8.25 kwa mwezi. Jumla ni dola 58.24. Tofauti ni zaidi kidogo ya dola moja.

Iwapo bei ingekuwa ndiyo kiini cha tatizo, uhamaji huu usingemdhuru mtu. Hata hivyo, kati ya Machi 2020 na Juni 2022 mtengenezaji huyu alikuwa na ufunguo unaofanya kazi, tarehe ya mwisho inayosogezwa, na hakuna mbadala uliotangazwa na mmiliki mpya. Katika hali hiyo hawezi kuamua kwa busara. Akihama mapema, hutumia miezi ya kazi kuandika upya msimbo wa kuomba data, kuoanisha majina ya hali za anga, kubadili picha na kujaribu tena kila ukurasa. Akisubiri, huhatarisha programu nzima. Vilevile hawezi kumuuzia mteja mpya huduma ya mwaka mzima ilhali yeye mwenyewe hana hakika ya kupata data kwa mwaka huo.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale programu ilipouzwa kwa malipo ya mara moja. Mnunuzi alilipa mara moja na anatarajia programu ifanye kazi daima. Gharama ya mkondo hurudi kila mwezi. Maadamu kiwango cha bure kinatosha, pengo hilo halionekani. Sharti likibadilika, mtengenezaji hubaki na machaguo matatu, na yote ni machungu: kuwatoza upya watu waliokwisha lipa, kulipa kutoka mfukoni mwake, au kuifunga programu.

Kikomo cha maombi nacho huingia katika ubunifu wenyewe. Maombi 500,000 kwa mwezi ni takribani 16,666 kwa siku. Kwa watumiaji wanaofungua programu mara 10 kwa siku, kiwango hicho kinatosha watu 1,666. Mtengenezaji akiongeza kidirisha cha skrini ya mwanzo kinachojisasisha kila nusu saa, kila simu hutuma maombi 48 kwa siku, na kiwango kilekile kinatosha watu 347 tu. Kipengele ambacho watumiaji hukipenda kinapunguza uwezo wa programu hadi karibu moja ya tano. Kwa hiyo leseni haiamui tu nani atalipa. Huamua pia programu itafanana vipi na itasasishwa mara ngapi.

Kwa kurejelea maswali mawili ya kiunzi, mtengenezaji mmoja mmoja hana sauti, kwa kuwa masharti huandikwa na upande mmoja na hukubaliwa kwa kubofya kitufe. Njia iliyobaki ni kuondoka, na gharama yake hupanda kadiri mkondo unavyokuwa na data au muundo usiopatikana kwingine. Utabiri wa dakika kwa dakika ulikuwa kivutio cha Dark Sky. Kwa sababu hiyohiyo ndio uliokuwa mgumu kuuacha.

6.0 Mwelekeo wa Pili: Kufunguliwa kwa Data za Umma

Sambamba na kufungwa kwa mikondo ya kibiashara, data za taasisi za umma zimekuwa zikifunguliwa. Marekani imekuwa na utaratibu huu kwa muda mrefu, kwa kuwa kifungu cha 105 cha sheria yake ya hakimiliki hakiipi hakimiliki kazi ya serikali ya shirikisho. Ndiyo maana matokeo ya modeli yake ya dunia, GFS, yanaweza kupakuliwa na kutumiwa na yeyote. Mwaka 1995 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha Azimio Namba 40, lililotenganisha data za lazima, ambazo hubadilishwa bure na bila vizuizi, na data za ziada, ambazo nchi ingeweza kuziwekea masharti. Oktoba 2021 shirika hilo lilipitisha sera mpya ya pamoja ya data, inayotenganisha data za msingi na data zinazopendekezwa. Ujerumani ilibadili sheria ya idara yake ya hali ya hewa Julai 2017 ili data zake ziwe wazi, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu data zenye thamani kubwa, inayojumuisha za hali ya hewa, ilianza kutumika Juni 2024.

Hatua za Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati, ECMWF, zinaonesha vizuri mipaka ya uhuru huu. Januari 2022 kituo kilifungua sehemu ya utabiri wake kwa leseni ya CC BY 4.0, kwa gridi ya nyuzi 0.4, na baadaye kwa nyuzi 0.25, ilhali modeli yake kuu huendeshwa kwa takribani kilometa 9. Oktoba 2025 orodha nzima ya matokeo yake ya wakati halisi iliwekwa chini ya leseni hiyo huria. Gharama ya taarifa imeondolewa, lakini anayetaka kufikishiwa data nyingi kwa ubora kamili bado hulipia huduma ya kufikishiwa.

Hapo ndipo tofauti iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0 inapokuwa na maana. Leseni huria ya data haimpi mtengenezaji mkondo. Faili za modeli ni kubwa, zimo katika muundo wa kitaalamu, na hutolewa mara kadhaa kwa siku. Kuzigeuza kuwa jibu dogo la simu kunahitaji seva, hifadhi na ujuzi. Uhuru wa data, hata hivyo, hupunguza gharama ya kuondoka. Msimbo wa Open-Meteo ni huria, hivyo mtengenezaji asiyeridhika na masharti yake anaweza kuendesha seva yake mwenyewe kwa data zilezile. Norway imekwenda hatua zaidi kwa kutoa mkondo wenyewe bure, kwa masharti yanayohusu nidhamu ya matumizi: programu ijitambulishe kwa jina na njia ya mawasiliano, ihifadhi nakala, na isizidishe maombi 20 kwa sekunde bila makubaliano maalumu.

7.0 Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Modeli hizi ni za dunia nzima. Kwa hiyo mtengenezaji wa programu ya Kiswahili aliyeko Tanzania au Kenya anaweza kutumia mikondo ileile na kukumbwa na mabadiliko yaleyale. Athari kwake zina sura mbili za ziada. Kwanza, ada hutozwa kwa fedha za kigeni na kwa kadi, ilhali wateja wake wengi hulipa kwa simu na kwa sarafu ya nchi. Pili, ubora unaofunguliwa bure si wa thamani ileile kila mahali. Karibu na ikweta, nyuzi 0.25 ni takribani kilometa 28. Katika Kilimanjaro, umbali huo unatosha kuanzia viunga vya mji wa Moshi, ulio chini ya meta 1,000, na kukaribia kilele cha meta 5,895. Mkulima wa kahawa wa mteremkoni na mkulima wa mpunga wa tambarare wanaweza kupewa thamani ya chumba kimoja cha gridi. Hivyo leseni inayofungua gridi pana pekee humwacha mtengenezaji na programu halali lakini yenye taarifa dhaifu.

Inafaa pia kutambua kuwa leseni ya data haimpi mtengenezaji mamlaka ya kutoa tahadhari. Tahadhari rasmi za mvua kubwa au upepo mkali ni jukumu la taasisi ya taifa, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Hali ya Hewa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Programu huru inaweza kuzifikisha kwa lugha na umbo linaloeleweka, endapo tu taasisi husika itatoa mkondo wenye masharti yaliyo wazi na ya kudumu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kuwa mabadiliko ya leseni humdhuru mtengenezaji huru kupitia mashaka kuliko kupitia bei. Uhamaji kutoka Dark Sky kwenda WeatherKit, kwa programu iliyotolewa mfano, ungebadilisha gharama kwa dola moja tu na zaidi kidogo, ilhali ungemweka mtengenezaji katika hali ya kutojua kwa zaidi ya miaka miwili. Imeoneshwa pia kuwa data huria ni kinga kwa sababu hupunguza gharama ya kuondoka, lakini kinga hiyo haijakamilika bila mkondo unaotegemeka.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Mosi, mtengenezaji atenganishe sehemu ya msimbo inayoomba data na sehemu nyingine za programu, awe na chanzo cha pili kilichokwisha jaribiwa, na asiuze kwa malipo ya mara moja huduma anayoilipia kila mwezi. Pili, watoa huduma waandike katika mkataba muda wa chini wa taarifa kabla ya kubadili au kufunga mkondo, na muda huo uendelee kumbana mnunuzi wa kampuni. Tatu, taasisi za umma zinazofungua data zisiishie kuweka faili katika seva. Zitoe pia mkondo mwepesi wenye masharti ya nidhamu badala ya masharti ya malipo. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu programu za hali ya hewa za Kiswahili, hususani namna watengenezaji wake wanavyochagua vyanzo vya data na wanavyosoma kifungu cha ukomo kabla ya kukubali mkataba.